Karatasi za Elinuru Zilizokosa Hapana

Elinuru alinikuta gulioni Lukozi nabishana na mwenye lori la Fuso. Akasubiri nimalize, hapo nilimpa maksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karoti au kabichi?"

"Maneno," akasema.

Alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Bumbuli, yuko likizo ya masomo, anasomea shahada ya uzamili: namna ya kuifanya kompyuta itafute ndani ya maandishi. Alitaka wazee wamsimulie kwa Kishambaa wanavyotibu mazao na mifugo, achape masimulizi yao. Kisha mkulima akiuliza kwenye simu, mtambo umletee karatasi inayomjibu, si rundo zima. Chuo kilishamwongezea muda mara mbili. Ya tatu haikuwepo. Akikosa, miaka minne imekwenda bure.

Nami nikaona langu. Mkulima anayepata majibu kwangu ataniuzia mimi kabichi. Tukapatana: nimtafutie wasimuliaji na wasomaji, naye mtambo aniwekee mimi kwanza.

Wazee wakagoma. Elinuru aliwaambia utaratibu wa chuo ni kuficha majina.

"Maneno yangu yaende bila jina?" akasema Mzee Tobia. "Kwani nimeyaiba?"

Nikamvuta Elinuru pembeni. "Weka jina juu ya kila karatasi. Jina halili chakula."

Akasita, akakubali. Kwa siku nne tukawa na karatasi mia mbili. Nilijiona fundi.

Wakaja wasomaji sita, wenyeji wanaosoma Kishambaa, katika chumba tulichoazima kanisani. Kazi yao: soma swali, soma karatasi, andika ndiyo kama inajibu, hapana kama haijibu. Kwa hizo ndiyo na hapana ndipo mtambo ungepimwa. Kila nikipita naona ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mtu wa soko nani anaikataa ndiyo? Nikaenda zangu.

Jumatatu ya wiki ya kukabidhi, Elinuru alizijumlisha, akanipigia nije.

"Mama, swali ni kabichi kuoza. Karatasi ya Mzee Tobia ni mbuzi kuharisha. Wote sita wameandika inajibu."

Tukamwita Paskalina, fundi cherehani, msomaji mwepesi kuliko wote.

"Dada, hii inajibu kabichi?" Elinuru akamuuliza.

"Haijibu."

"Mbona umeandika ndiyo?"

"Jina la mzee lipo pale juu! Nimwandikie hapana kwa mkono wangu, halafu kesho nimwamkie kwa mdomo gani?"

"Wataziona watu wa chuo tu."

"Na Anord je? Tunasoma naye, kakaa kiti cha pili, na ni mkwe wa mzee."

"Tukiyafuta majina?" nikadakia.

Akanicheka. "Futa, mama. Nani mwingine hapa anaanza kila habari na mbuzi?"

Elinuru hakucheka. Wasomaji wa Dar, chuoni kwake, hawajui Kishambaa. Nikapiga simu Bumbuli, nikapiga Lushoto mjini, kutafuta wasomaji wasiowajua wazee wetu. Mvua zimeanza, watu wako mashambani, na mwisho ni Ijumaa. Nikampigia msimamizi wake mwenyewe, nikambembeleza aongeze siku, kama mnunuzi anayetaka kuondoka. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama, kipimo kinachosema kila kitu ni sawa hakijapima kitu."

Nikakata simu. Elinuru alikuwa anazipanga karatasi upya kwa maswali, zilezile, kama vile mpango ndio ulikosewa. Nikakaa naye. Hakuna alichoniomba.

Ijumaa ikapita. Jina lake liliondolewa chuoni. Amerudi kufundisha kwa daraja lilelile. Ahadi yangu aliitimiza: mtambo umo kwenye simu yangu. Nikiuliza kabichi unaniletea mbuzi.

Wazee sasa mboga zao wananiletea mimi kwanza, maana ndiye niliyepeleka majina yao chuoni. Mzee Tobia kila gulio ananiuliza: "Wamesemaje huko kuhusu zangu?"

Namjibu wamezikubali zote.