Walimfukuza Mchapaji, Wakabaki na Kompyuta

Habari za kifo chake nilizipata dukani Majengo, nimekwenda kununua sukari. Yule mama aliyekuwa mchapaji wa kikundi cha wakulima wa mahindi, aliyehamia kwetu Ufipa kutoka Mbeya biashara ya mazao ilipoachiwa huru, amefariki kwa shinikizo la damu na kuzikwa kwao. Muuza duka akashusha sauti: "Si ndiye yule aliyekuwa anauza siri za wenzake?" Nilirudi nyumbani bila sukari. Mniwie radhi wasomaji wangu, leo nina hasira.

Kikundi kilikuwa na kompyuta moja. Wakulima wa Mpui na Chala walipanga bei zao kwa siri, mama akazichapa na kuzituma kwa mtandao kwa wanunuzi wa mbali, ili walanguzi wasiwawahi. Kila mara kompyuta ilimwonya kwamba programu ina tundu la usalama linalopaswa kuzibwa. Lakini programu ilikuwa ya kunakiliwa bila idhini, imetoka kwenye CD iliyozunguka mji mzima, na haikukubali kuzibwa. Akaomba wanunue ya halali. Nilikuwepo siku hiyo, nikitafuta habari za mazao. Mwenyekiti alicheka. "Mama, mashine haina mdomo, itamwambia nani? Bonyeza hapo palipoandikwa 'baadaye', tuendelee na kazi."

Akabonyeza. Msimu ule kila bei waliyoipanga mlanguzi mmoja alikuwa ameshaijua, naye akauza chini yao kidogo tu, mahindi yao yakaoza ghalani. Sisi wa Ufipa jambo likiharibika tunatafuta mtu, na mtu wa kuja ndiye huonekana kwanza. Kikao kikaitishwa. "Shikamooni wazee," alisalimu, wasimwitikie. Mmoja wao akamwambia, "Humu ndani sote ni ndugu, mgeni ni wewe. Tumshike nani mwingine?" Wakamfukuza, wakamkalisha binti wa kwao mbele ya kompyuta ileile, yenye programu ileile. Msimu uliofuata siri zikavuja vilevile.

Ndipo wakaita fundi, akawaonyesha kwamba kupitia tundu lile mtu asiyejulikana alikuwa akisoma kila kinachochapwa. Nikajiuliza: CD ile ilikuwa imeingia katika ofisi ngapi za mji huu, zenye siri nzito kuliko bei ya mahindi? Nikamuuliza mwenyekiti kama wamemwomba mama radhi. "Tutamwendea tu, baadaye, tukishavuna." Wakati huo mama alikuwa anauza vitumbua sokoni, na wateja walikuwa wachache. Aliniambia, "Kazi yao siitaki, baba. Waseme tu mbele za watu kwamba si mimi."

Wamevuna misimu mingi tangu hapo. Tundu la programu huzibwa likigunduliwa, lakini jina la mtu tunaliacha wazi kila apitaye achungulie. Jana mwenyekiti alinipigia simu kuuliza kaburi liko kijiji gani, wapeleke rambirambi. Nilimwambia kaburi halina haraka tena. Aanzie pale dukani Majengo.