Kilemba cha Veridiana na Tairi Nne

Veridiana hakumvulia fundi nguo mbele ya kanisa, hata kama uvumi umeshafika Columbus na Louisville. Mjane huyo msomi alivua kilemba tu, tena kwa sababu ya gari. Alitaka gari la kuwapitisha wajukuu wake kwenye theluji ya mashambani nje ya Buffalo, na fundi wa magari aliyemwomba amkagulie hajali rangi wala redio. Hupiga magoti, hupitisha kidole gumba kati ya kashata za tairi, yale meno yanayoshika barabara, kama mama anayesaka chawa, kisha huguna. Mguno mfupi ni matanga, mguno mrefu ni harusi. Gari moja la rangi ya uji lilipata mguno mrefu. Jumapili, baada ya ibada, Pasta akatoka kulibariki mbele ya kanisa, akamimina mafuta ya upako mpaka kwenye tairi zote nne. Fundi akapiga magoti tena, akaanza kuyafuta kwa mkono wa shati lake.

“Unafuta upako, ndugu?”

“Wapake watoto, Pasta. Barafu haijaokoka.”

Waumini wakamgeukia Veridiana amkemee. Yeye akawatazama wajukuu waliokwisha kufunga mikanda, akalitazama shati la fundi lililolowa, akavua kilemba chake cha Jumapili na kumpa amalizie. Anayetaka zaidi ya hapo akaziulize tairi.