Sabuni Ambayo Bado Haipo

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Mwanza, nyuma ya mama mtu mzima aliyetoka Magu na kidumu cha sabuni ya maji. Anaipika mwenyewe kwa mafuta ya mbegu za pamba na majivu ya mabua yake, na sasa anataka kibali cha kuiuza madukani.

"Shikamoo mama," afisa wa kaunta akamwamkia.

"Marahaba baba."

Afisa akavuta fomu ya kupima ukomavu wa teknolojia mpya. Ina hatua tisa.

"Hatua ya kwanza. Wazo uliliandika lini?"

"Sikuandika. Nilipika tu."

"Ya nne. Maabara gani iliijaribu?"

"Nimefulia sare za wanangu mpaka wote wamemaliza shule."

Afisa akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hayo ni matumizi halisi, mama. Ni hatua ya tisa. Huwezi kufika tisa bila kuanzia moja. Rudi nyumbani ukaiwaze kwanza."

Mama akakitazama kidumu. "Na hii niliyokuja nayo?"

"Hiyo bado haipo."

Afisa akanyanyua muhuri, wino ukamvujia vidole vyote. Mama, bila kuombwa, akafungua kidumu na kummiminia kidogo. Afisa akanawa kwenye sinki la pembeni, akanusa viganja, akashukuru sana. Kisha akarudi kaunta akaandika kwenye fomu: "Haijathibitishwa kuondoa uchafu."

Kwa haki nimsifu. Fomu ile haikupata hata doa moja la wino.