Bibi Arusi wa Malakiti

Nina aibu moja ambayo hata leo, na mvi hizi, ikinijia ghafla nikiwa jikoni najikuta nimefunika uso kwa mikono na kusema "yoo!" kwa sauti, mpaka watoto wanauliza Mama ana nini. Mama hana kitu. Mama amekumbuka ndoa ya Mado. Ninyi marafiki zangu mnaniona leo naitwa huku na huku, Jumamosi hii Dilala kwa pikipiki, Jumamosi ijayo Mutshatsha juu ya lori, kisanduku changu nimekipakata kama mtoto mchanga, mnadhani nilizaliwa najua kupamba mabibi arusi. Basi kaeni niwaambie nilivyoanza, na mcheke kabisa, maana mimi mwenyewe huwa nacheka, ila mwisho wake sijawahi kuufikia nikiwa bado nacheka.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ntumba, jirani yetu, mjane, mzaliwa wa Kolwezi ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai zamani kufanya kazi mgodini. Alikaa katika nyumba ya kampuni pale Dilala, na baraza yake ndiyo ilikuwa shule yangu: kiti kimoja, kioo kilichopasuka pembeni, na malette, yaani kile kisanduku chake cha vipodozi chenye ngazi ndani, ukikifungua zinapanda zenyewe, poda huku, wanja kule, rangi za macho juu kabisa. Nilikipenda kile kisanduku kuliko nilivyompenda kijana yeyote wa mtaa (na vijana walikuwepo, msinione hivi). Wakati ule mgodi bado unalipa, king'ora kinalia asubuhi, mkate unanukia mtaa mzima, na kila Jumamosi mabibi arusi wamejipanga barazani na shangazi zao, na Mama Ntumba anaimba huku anapaka. Nilijifunza kwanza kwenye mkono wangu, kisha kwenye uso wa dada yangu mpaka akakataa, kisha kwa wateja. Kosa langu kubwa lilikuwa kumpaka mtu poda nyeupe kuliko ngozi yake halafu kusahau shingo, na hapo ndipo ungemsikia Mama Ntumba.

"Numbi! Angalia vile umemufanya! Uso iko Ulaya, shingo imebakia Mutshatsha! Shusha ile poda paka chini!"

Na mteja mwenyewe anacheka, na mimi nashusha poda mpaka kifuani.

Halafu mambo yakaharibika. Mgodi ukalala, mshahara ukawa wa kusimuliwa tu, maduka yakaporwa, na rangi zilizokuwa zinatoka Lubumbashi zikaacha kufika. Na baada ya hapo ikaja ile ambayo bado nashindwa kuisema vizuri: wakubwa wa jimbo letu la Katanga wakaanza kutangaza kwamba watu wa Kasai warudi kwao (kwao wapi, Mama Ntumba hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja), na vijana niliokaa nao dawati moja wakapita mitaani wakipiga kelele mbele ya milango ya watu waliowalea. Familia zikahamia stesheni na vitanda na masufuria, zikalala pale zikingoja treni. Mimi ni Mkatanga, wa kaskazini, mlango wetu hakuna aliyeugusa. Nilipita mbele ya wale watu pale stesheni nikitazama viatu vyangu.

Sasa, Mama Ntumba alikuwa na binti mmoja tu, huyo Mado, na Mado alikuwa mchumba wa Kasongo, kijana wa Katanga kama mimi. Wengi walisema uchumba utavunjika. Haukuvunjika. Wakaamua ndoa ifanyike kanisani kabla treni haijafika, ili mama aondoke ameona kwa macho yake binti anabaki kwa mume wake halali, si kwa kufichwa. Mama Ntumba akaniita barazani, malette iko magotini kwake.

"Mi siweze kumupaka mutoto yangu mwenyewe. Mikono itatetemeka. Utamupaka we, peke yako, mi ntakaa inje. Ukimutosha muzuri, hii malette inabakia kwako, utafanya kazi yako. Lakini ukimuharibisha, ninaenda nayo. Ntatafuta mutoto ingine kule wa kufundisha."

Mnaelewa? Bibi arusi wangu wa kwanza, mtihani wangu, na malette, yote siku moja, kwa binti wa mwalimu wangu. Sikulala.

Mado alitaka kijani machoni, kwa sababu liputa, yaani vitenge, ambazo familia ya Kasongo ilimletea zilikuwa za kijani. Nikafungua ngazi ya juu ya malette: kile kikopo cha kijani kimekwisha, kimebaki chuma kitupu kinang'aa. Nikamwambia Mama Ntumba. Akasema, "Weka ile ya kahawia, itatosha." Maneno matano, dada zangu. Ningeyasikia hayo maneno matano siku ile, leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini mimi nilitaka kumshangaza. Na nyuma ya nyumba yetu alikuwepo Tata Kabulo, fundi wa kuchonga malakiti, lile jiwe letu la kijani la shaba, akitengeneza vibakuli vya majivu ya sigara na mikufu ya kuwauzia wazungu, ingawa wazungu wenyewe walikwisha kuondoka. Chini ya meza yake kulikuwa na vumbi la malakiti limejaa, laini, kijani kizuri ajabu, kijani ambacho hakuna kiwanda kilichowahi kukitoa. Nikamwomba kidogo. Akauliza ya nini, nikasema ya urembo, akacheka akanijazia kikopo. Nikalichekecha kwa kitambaa cha kichwa, nikalichanganya na mafuta ya mgando, nikajipaka kwenye mkono. Lilikaa pale jioni nzima, halikuwasha, halikufanya chochote. Nikajiona mtaalamu. (Mkono hauna jicho, lakini hilo sikuliwaza.)

Asubuhi ya ndoa nikampamba Mado. Na niseme kweli, alitoka mzuri, uso na shingo viko mji mmoja, na yale macho ya kijani, eh! Mama Ntumba akaingia, akamtazama, akanitazama na mimi, akatikisa kichwa mara moja tu kama mtu anayekubali. Malette ni yangu, nikajua.

Wakati tunatoka mlangoni Mado akaninong'oneza, "Numbi, inaniwasha."

"Ni rangi mupya," nikamwambia. "Itapoa."

Tukaenda kanisani kwa miguu, jua kali, na mafuta ya mgando mnayajua kwenye jua. Tulipoingia Mado alikwisha kuanza kutoa machozi. Shangazi zake wakafurahi sana, maana kwetu bibi arusi anayemwacha mama yake bila kulia atasemwa mpaka atakapozaa. "Angalia vile analia muzuri," mmoja akasema nyuma yangu, naye akaanza kulia, na mwenzake akaanza, na kwa jinsi siku zile zilivyokuwa kila mtu alikuwa na cha kulilia, kanisa zima likaloa. Mimi nimekaa benchi la mbele nimejaa majivuno.

Halafu Mado akageuka upande wa padri, na machozi yake ni ya kijani.

Si kidogo. Michirizi miwili kutoka machoni mpaka kidevuni, inadondokea shela nyeupe. Kasongo, kwa upendo wake, akamfuta na glavu yake nyeupe, sasa glavu nayo ni ya kijani, akajifuta jasho nayo, sasa na yeye. Kilio kikakatika ghafla kanisani. Padri akafunga kitabu. Akawatazama wale watu wa kwetu upande huu na watu wa Kasai upande ule, akainama kwa Mado, akauliza taratibu lakini kila mtu alisikia:

"Mutoto yangu, niambie bila woga. Banakulazimisha?"

Mnajua swali lile lilikuwa na uzito gani siku zile? Msichana wa Kasai, mume wa Katanga, mama yuko njiani kuondoka. Mjomba wa Kasongo akasimama. Upande wa pili nao wanaume wawili wakasimama. Mado anajaribu kujibu lakini macho hayafunguki, anapapasa hewani, anasema "Hapana, mon père, hapana, ni macho," na hakuna anayemwelewa. Nikatazama nyuma, nikamwona Mama Ntumba amefunika mdomo, na nikajua nisiposimama mimi ndoa hii itavunjika hapa hapa, na mtoto wake hatabaki na mtu.

Nikasimama.

"Padri, ni miye. Habamulazimishe. Ni malakiti."

"Malakiti gani?"

"Ile ya Tata Kabulo. Ya chini ya meza. Nilimupaka ku macho."

Kumbukeni kanisa lile lote ni watu wa mgodi, hakuna asiyejua malakiti ni nini. Halafu kutoka nyuma kabisa sauti ya mzee mmoja: "Bamupeleke Kingamyambo bamusafishe! Iko shaba mingi mu ile uso!" Kingamyambo, pale kampuni inapomwaga mabaki ya udongo wake baada ya kuosha shaba! Basi kanisa likapasuka. Walicheka wa upande huu, walicheka wa upande ule, mjomba wa Kasongo alikaa chini akishika tumbo, padri alijificha nyuma ya kitabu, na mimi nimesimama katikati natamani ardhi inimeze. Nikikumbuka leo naona ile ndiyo mara ya mwisho kuwasikia watu wa mtaa wetu wote, wote, wakicheka kitu kimoja. Siku ile sikuona hivyo. Siku ile niliona malette ikipanda treni.

Padri akaleta maji mwenyewe, tukamwosha Mado macho palepale, na akaapa kiapo chake uso mzima umekuwa wa kijani, maana maji yalieneza tu. Nje mama na binti wakakumbatiana, shavu kwa shavu, na hapo ndipo mtu wa familia yao alipofika anakimbia: treni imeingia, wanapakia, twende sasa hivi. Hakukuwa na karamu. Mama Ntumba akaenda stesheni na nguo zake za ndoa.

Nilimkuta amekwisha kukaa ndani, dirishani, malette mapajani. Sikujua nianzie wapi kuomba msamaha.

"Mi nilikufundisha kupaka," akasema. "Sikukufundisha kuchimba."

Halafu akaisukuma malette ikatoka dirishani, nikaipokea kwa mikono miwili. "Kamata. Ni we ulisimama mu kanisa. Na umuangalilie Mado."

Hapo nikaona shavu lake. Lote la kijani, alama ya shavu la Mado, na watu wanamtazama. Nikatoa kitambaa changu haraka, nikanyoosha mkono dirishani, angalau hiki nikirekebishe. Akarudisha uso nyuma.

"Acha, Numbi. Usifute."

Treni ikaondoka naye hivyo hivyo. Hakurudi, alizikwa huko Kasai.

Macho ya Mado yalipona, ana wajukuu, na bado ananiita mchimbaji. Kijani sijampaka bibi arusi mwingine yeyote, waombe wasiombe. Na kuna jambo jingine ambalo wateja wangu hawalielewi: mama akimkumbatia binti yake mlangoni na poda yote ikahamia shavuni kwa mama, wananiuliza mbona simfuti, kitambaa si hiki ninacho mkononi. Ninacho. Nakikunja, nakirudisha kwenye malette, nafunga.