Bi Kamwe na Mlango wa Lifti

Zamani tulithibitisha programu kabla mtu hajakanyaga ndani ya lifti. Siku hizi wanampakia mtu kwanza, kisha wanangoja malalamiko.

Nilianza kama fundi wa nyaya katika kampuni iliyotengeneza mitambo ya kuongozea lifti. Mantiki nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na aliyeniazima ni mama mmoja tuliyemwita Bi Kamwe. Jina lilitokana na kazi yake. Kabla programu haijaandikwa, aliandika kwa alama za hesabu jambo ambalo lifti haitafanya kamwe, kisha, ikishaandikwa, akathibitisha kwamba hakuna njia yoyote ndani ya programu inayoweza kulifikia. Sentensi yake kuu ilikuwa hii: mlango hautafunguka kamwe mpaka kihisio kiseme lifti imelingana na sakafu.

"Na ndoa je, Bi Kamwe, uliithibitisha?" tulimtania.

"Ile niliijaribu tu. Ndiyo maana iliharibika."

Mchana mmoja, mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wao, alikuja kumtembelea kazini. Lifti aliyopanda ilifika ghorofa yetu, ikasimama sawasawa na sakafu. Lakini kihisio, kifaa cha kutambua sakafu, kilikuwa kimekufa. Kwa programu, lifti haikuwa imefika. Mlango ukakataa. Tulisimama nje tukimsikia akikohoa. Alikuwa na pumu.

"Dada, si ulisema haikosei?"

"Haikosei, baba. Vuta pumzi polepole. Fundi anakuja."

Fundi mwenye ufunguo alipofika, kikohozi kilikuwa kimenyamaza.

Wachunguzi wa kifo chake walisema programu haikuwa na kosa. Neno hilo ndilo lililomla Bi Kamwe. Angepata kosa angelisahihisha. Alikuta kila mstari umetii alichoandika. Aliahidi kwamba mlango hautafunguka pasipofaa. Hakuandika popote kwamba aliyeingia atatoka. Hata lifti isiyofungua mlango milele ingefaulu uthibitisho wake.

Akaanza kuitafuta sentensi hiyo ya pili. Mara nyingi alikuwa ameinamia meza, ghafla akainua kichwa. "Umesikia mtu akikohoa?" Nilimwambia hapana. Ikafika wakati nikawa natega sikio kabla hajauliza.

Ili sentensi zote mbili zikae pamoja, ilibidi programu iandikwe upya: kihisio kikifa, lifti isogee taratibu mpaka ghorofa yenye kihisio kizima, ifungue huko. Msimamizi mpya, kijana aliyevaa tai, hakutaka kusikia.

"Mama, kihisio tumebadilisha. Yameisha."

"Na hiki kitakufa, mwanangu."

"Tutabadilisha tena. Wateja wanataka lifti, hawataki hesabu."

Chumba chetu cha uthibitisho kikafungwa, ubao wake ukafutwa kwa kitambaa cha maji. Wa leo hubonyeza vitufe mpaka wachoke. Wakiona haijaharibika, wanaiita salama.

Mara ya mwisho nilimwona Bi Kamwe ghorofa ya chini ya jengo lile lile, nilipokwenda kuchukua vifaa vyangu. Alikuwa ameweka mguu kwenye mlango wa lifti.

"Bi mkubwa, toa mguu, tunachelewa!" mtu alilalamika kutoka ndani.

"Kaeni tu, wanangu. Nimeushika."

Walitoka mmoja mmoja wakisonya. Nikapanda ngazi. Nyuma yangu mlango uligonga kiatu chake, ukafunguka, ukagonga tena. Nilipogeuka, alikuwa ameinama kuelekea ndani ya lifti ile tupu, akisema kwa sauti ya chini, "Toka, baba. Toka sasa."