Nitukane Mimi

Tuktuk iliyonileta Mji wa Kale ilikwama kwenye kichochoro cha kwanza tu, nyuma ya hamali mwenye mkokoteni wa magunia ya unga. Alikuwa akifuta mishikio kwa kitambaa, akiita "simile" kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, akisukuma hatua tano, kisha akifuta tena. Dereva wangu akamtukania mamake. Hamali akatua mzigo, akaja hadi kwetu na viganja vyake vyeupe kwa unga.

"Mamangu yuko Kaloleni, anapalilia mahindi. Aliyekuzibia njia ni mimi. Nitukane mimi, la sivyo siondoki."

"Dadako..."

"Dada hayupo hapa."

"Mkeo..."

"Huyo hajawahi kushika mkokoteni."

Najua lugha sita. Nikapekua tano haraka haraka ili nimsaidie dereva, na kila tusi kali nililopata lilipitia kwenye mwili wa mwanamke.

"Basi wewe... wewe mzito kama kobe!" dereva akaropoka.

"Hapo sawa, ndugu yangu." Hamali akacheka, akafuta mishikio, akaenda zake. "Simile!"

Dereva hakuwasha injini upesi. Nami nilikuwa bado kwenye lugha ya sita, natafuta.