Barua Iliyopigwa Kama Ilivyoletwa

Kuna mpiga chapa mmoja, mtu mpole, aliyekaa kwenye baraza ya posta miaka thelathini na mashine yake yenye herufi moja iliyopinda. Ilikuwa ikidonoa karatasi kama kuku, nami nilipenda kupumzika pale nikiisikiliza. Sharti lake lilikuwa moja: karatasi unayoleta ndiyo utakayopewa, haongezi wala hapunguzi. Hakuzaliwa nalo. Zamani alimrekebishia mwalimu mkuu neno, akaumbuliwa mbele ya foleni nzima. "Nimekodi vidole vyako, sikukodi kichwa." Tangu hapo kichwa akawa anakiacha nyumbani.

Asubuhi moja akaja mama mmoja, mfuaji wa shuka za hospitali, mikono imebabuka kwa sabuni. Alikuwa amefukuzwa, eti mvivu, akapewa siku tatu za kujitetea. Mkwewe alimwandikia barua ya Kiingereza, maana wakubwa wa pale waliona Kiswahili hakina uzito.

"Ipige vizuri, kaka. Kazi yangu imelala humo."

"Itatoka safi kama shuka zako, dada."

"Shuka zangu ziache, ndizo zilizonifukuzisha."

Wakacheka. Mpiga chapa alipofika katikati ya barua, vidole vikasita. Mkwe alitaka kusema mama huyu amefanya kazi kwa bidii miaka kumi na moja. Neno la kutumia ni hard. Yeye akaweka hardly, akidhani ule mkia unaliongezea heshima. Kumbe hardly ni neno la mtu ambaye jambo analigusa kwa nadra, karibu halifanyi kabisa. Ukila hardly, umelala njaa. Barua ilikuwa inasema kwamba miaka yote hiyo mama huyu hakufanya kazi ya maana.

Mpiga chapa alilijua hilo. Akamtazama mama kwenye benchi, akaikumbuka ile foleni, akapiga kama ilivyoletwa.

Wiki iliyofuata mama akarudi na jibu. "Nisomee, kaka. Mkwe kasafiri."

Lilikuwa fupi: mwombaji amekiri mwenyewe. Barua yake ilirudishwa pamoja nalo, neno lile limezungushiwa wino mwekundu.

"Nimekiri nini mimi?"

Akamweleza taratibu. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. "Nilipokuwa naipiga."

"Nami nimekaa hapo, hata hatua mbili hazifiki."

"Ndiyo, dada."

Mama akaichukua karatasi yake, akaondoka.

Siku hiyo jamaa alifunika mashine mapema, akaenda hospitali kusema kosa ni lake. Karani hakunyanyua hata uso. "Mzee, nafasi imeshajazwa tangu Jumatatu."

Sasa mama yule anafua nguo za watu majumbani, siku anazoitwa. Hupita mbele ya posta na furushi kichwani. Mpiga chapa humsalimia kila apitapo, akisubiri kuitikiwa, na mama huangalia mbele.